Kofia Isiyokuwa Yake

Mapipa yalirudi wiki ile mvua ndefu zilipokuwa hazikatiki, na yalirudi na aibu. Yalitoka kiwandani yamefungwa vizuri, yakasafiri mpaka kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, akayarudisha yote. Alisema kofia zimevuka. Habari ilifika kwenye meza ya wafungaji kabla lori halijazimwa, na Hu Caixia, aliyekuwa akikaza kifuniko cha pipa jingine, aliacha mikono pale pale akasikiliza.

Wacha niseme kofia ni nini, maana bila hiyo hatuendi popote. Hapa Wujiadu karibu kila nyumba ina mtu anayefanya kazi kwenye ule unga mweupe. Vitabuni unaitwa asidi za amino. Sisi tunaziita shanga, kwa sababu kazi yake ni kutungwa moja baada ya nyingine mpaka ziwe mkufu, na mkufu wenyewe ndio dawa: ya sukari, ya mifupa, na ya maradhi mengine ambayo heri tusiyajue. Shida ya shanga hizi ni mikono. Kila moja ina mikono miwili na haina adabu hata kidogo. Ukiziacha hivi hivi zinashikana ovyo, na badala ya mkufu unapata fujo. Basi mkono mmoja unafunikwa, na kifuniko hicho ndicho kofia. Jengo la mashariki wanavika. Jengo la magharibi wanatunga mkufu, na kila ushanga unavuliwa kofia zamu yake inapofika. Ikivuka kabla ya zamu, unga ule ni wa kutupa.

Na msicheke, lakini neno hili limeshatutesa. Kuna mwaka ofisi iliwaletea wafanyakazi kofia za kijani, na kwetu mwanamume akivaa kofia ya kijani maana yake mkewe ana mwingine. Wanaume wa zamu nzima walisimama getini vichwa wazi, mvua inawanyea, mpaka zikaletwa nyeupe.

Siku ya mapipa hakuna aliyekuwa na utani. Bwana Teng, mkuu wa ubora, aliwaita wafungaji wote ghalani, akafungua pipa moja mbele yao.

"Sogeeni mnuse," alisema.

Walisogea mmoja mmoja, wakainamisha vichwa kama watu wanaoaga maiti. Harufu ilikuwa nyepesi lakini ilikuwepo.

"Shombo," mtu mmoja alisema kwa nyuma.

Watu wakamgeukia Shao Qiuping. Hakuna aliyeambiwa ageuke. Qiuping alikuwa mfungaji meza moja na Caixia, mwanamke mpole, mjane, na mama mkwe wake ana meza ya samaki wakavu sokoni. Kila mchana Qiuping alifungua kibakuli chake cha wali na kipande cha samaki wa chumvi, na kila mchana wenzake walimwambia akakae upande upepo unakoelekea.

"Mimi nakula kantini," Qiuping alisema. "Nanawa kabla sijarudi. Caixia ananiona."

"Unanawa kwa maji gani, ya kuchemshia samaki?" Bwana Teng alisema, na watu wakacheka, kwa sababu mkubwa akitania si vizuri kumwacha peke yake. "Harufu ya samaki na maji ya kuvulia kofia ni ndugu wa tumbo moja. Nimesema mara ngapi samaki asikaribie hapa?"

Caixia naye alicheka. Kidogo tu, lakini alicheka.

Qiuping akaambiwa apumzike nyumbani mpaka aitwe. Wujiadu ukiambiwa upumzike nyumbani umeshafukuzwa, ila kwa lugha ya adabu. Alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri sana, akaliweka mezani. Halafu akalikunja tena.

Kwetu kumbebesha mtu lawama tunasema kumvika kofia. Kwa hiyo utani wa jioni ile ulikuwa mmoja mji mzima: shanga zimevuliwa, Qiuping kavikwa.

*

Nyumbani kwa Caixia walikuwa watu watatu mezani. Mumewe, Zhong Guoliang, ni wa jengo la magharibi, kwa wavuaji. Binti yao Yilan anasoma bweni mjini na hurudi sikukuu tu. Wa tatu ni mama yake Guoliang, Ruan Amei, mzee wa sukari, anayejidunga sindano kila wiki, na tangu aambiwe kwamba ndani ya sindano yake mna mkufu kama ule wanaoutunga akina Guoliang, hajaacha kuuliza maswali. Mzee huyu akikaa na fundi wa televisheni, fundi anaondoka na kiu.

"Sasa niambieni," alisema akichota wali. "Hiyo kofia inavukaje yenyewe? Ina miguu?"

"Haivuki yenyewe, Mama," Guoliang alisema. "Kuna maji yake. Sisi tunayamwagia kwa makusudi. Lakini hata mvuke wake ukifungiwa na unga, siku nyingi, kwenye joto la njiani, unaweza kuvua polepole."

"Na mvuke wa samaki?"

"Bwana Teng anasema unaweza."

"Nimekuuliza wewe, sijamuuliza Teng."

Guoliang akacheka. "Mama, mimi navua, sichunguzi. Tena tunavua kofia, si samaki, ingawa ukitunusa utadhani tumetoka baharini." Akamnyooshea mkono wa shati. "Haya, nusa. Inakwama kwenye nguo hata ukifua."

Mzee akaushika ule mkono akaunusa taratibu, huku na huku, kama anayechagua tikiti.

"Shombo kidogo," alisema. "Na pilipili manga. Hii mimi naijua. Ndiyo harufu ya sanduku langu la mablanketi."

Vijiti vya Caixia vilisimama hewani.

Kila mtu hapa anajua mvua hizi zinavyofanya. Kuta zinatoka jasho, viatu vinaota kuvu, chumvi inakuwa uji. Jengo la magharibi wanatumia vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokula unyevu na mvuke, na vikishiba wanavitupa. Guoliang hawezi kuona kitu kinatupwa. Aliviokota, akavileta nyumbani chini ya koti, na mama yake akavikaanga kwenye karai kavu mpaka chembechembe zikarudi rangi yake, kisha akavipanga katikati ya mablanketi. Mtu akikanyaga kifuko ndani ya nyumba ile aligombezwa kama kakanyaga yai.

Na mwezi uliopita vifuko vya kiwanda havikufika. Barabara ilifurika, lori la mzigo linasubiri, Bwana Teng anazunguka kama mwenye jino bovu. Kila pipa lazima lifungwe na kifuko chake. Caixia alipanda baiskeli saa ya chakula, akaja nyumbani, akajaza mfuko vifuko vya mkwewe, akarudi nao. Kifuko ni kifuko, aliwaza. Mzigo ukaondoka kwa wakati. Bwana Teng alimsifu mbele ya watu wote na kumpa zawadi ya taulo na dumu la mafuta ya kupikia.

Mboga iliyokuwa mbele yao ilikaangwa kwa mafuta hayo. Caixia akaitafuna, akaimeza, akasema anaumwa kichwa.

*

Asubuhi ya pili, mkwewe alipokwenda kununua tofu, Caixia alifungua sanduku. Hakuwa ameamini bado. Nataka mjue hilo: alikuwa na hofu, ndiyo, lakini zaidi alitaka kujua, kama mtu anayegusa jino linalouma kwa ulimi. Alichukua vifuko vitatu, akaviweka kwenye karai, akawasha moto mdogo, akainama.

Mwanzo hakikuja kitu. Halafu kikaja. Shombo, na nyuma ya shombo pilipili manga.

Alimwita mumewe. Guoliang alinusa mara moja tu, akazima jiko, akafunga dirisha.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi hajui mtu."

"Baba Yilan, Qiuping amefukuzwa."

"Qiuping ana meza ya samaki. Hawezi kulala njaa. Sisi tuna nini? Mimi nimetoa vitu jengo la magharibi, wewe umeviingiza mashariki. Watatutoa wote wawili getini siku moja. Ada ya Yilan utalipa kwa taulo? Bima inayolipia sindano za Mama ni ya kiwanda. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

"Fikiria tena."

Hakuwa mtu mbaya, Guoliang. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya aongee kwa sauti ya chini sana, sauti ambayo Caixia hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Akavimwaga vile vifuko kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Hakujua kwamba mkewe alishatia vingine, kiganja kizima, mfukoni mwa aproni.

Ulikuwa msimu wa matunda ya yangmei, yale mekundu mpaka weusi, yasiyomaliza siku mbili kabla hayajaoza. Caixia alinunua ya kutosha, akayapanga kwenye kikapu cha mianzi cha mkwewe, akayafunika kwa majani, akaenda sokoni.

Qiuping alikuwa nyuma ya meza ya samaki, kakaa kwenye kigoda kifupi kama aliyejificha. Muuza vitunguu wa jirani alikuwa akimtania kila mteja anapopita. "Angalia huyo samaki asikuvue kofia, mzee," alisema, na wazee walikuwa wakicheka na kushika vichwa vyao. Mama mkwe wa Qiuping alikuwa akipanga samaki bila kuinua macho. Mauzo yalikuwa mabaya, ilionekana wazi, maana hao samaki walikuwa bado wamejaa mpaka ukingoni.

"Dada Qiuping," Caixia alisema, "nimekuletea yangmei."

Qiuping alisimama. Akafuta mikono kwa aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika, halafu akapokea kikapu kwa mikono miwili. Macho yake yakajaa.

"Mezani tulikuwa wengi," alisema. "Umekuja wewe peke yako."

Caixia akayasawazisha majani yaliyofunika matunda.

"Nikuulize, na unijibu kweli. Wewe unadhani ni mimi? Kwa sababu sasa hata mimi nimeanza kudhani. Nalala nanusa vidole vyangu."

Hapo ndipo pa kusema. Kifuko kilikuwa mfukoni. Caixia alikishika, akakiminya, akazisikia chembechembe.

"Kula, dada," alisema. "Haya matunda yataharibika."

*

"Kikapu changu kiko wapi?" mkwewe aliuliza jioni hiyo. Alikuwa akichota mayai ya bata kutoka kwenye mtungi wa maji ya chumvi na kuyapangusa moja moja, kwa ajili ya sikukuu ya mashindano ya mashua.

"Nimempelekea Qiuping matunda."

"Aa." Mzee akapangusa yai jingine. "Amefurahi?"

"Amefurahi sana. Nilikuwa nataka nimpelekee na mayai haya, Mama. Machache tu. Anapata taabu."

Mzee alirudisha yai mtungini. Alirudisha na la pili. Caixia alidhani anahesabu, lakini hakuwa anahesabu.

"Sanduku langu limepungua vifuko," alisema. "Karai langu linanuka shati la mwanangu. Na wewe tangu juzi huli mboga. Mimi ni mgonjwa wa sukari, mwanangu, si mgonjwa wa pua."

Caixia akakaa.

"Baba yangu alikuwa mtunza ghala la kijiji," mzee alisema. "Miaka ile ya mikutano ya kuwashutumu watu hadharani. Kuna siku mbegu za mpunga zilikutwa zimelowa, zimeota ndani ya magunia. Mtu aliacha dirisha wazi na mvua ikaingia. Wakamwita baba mharibifu, wakamvika kofia. Ya karatasi kwanza, ndefu hivi, wakamzungusha nayo. Ya karatasi ilichanika siku ile ile. Ile nyingine alikaa nayo mpaka nikaolewa. Mimi sikuingia shule ya mjini kwa sababu ya kofia ile."

"Pole, Mama. Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza. Mnanicheka naulizauliza, ninyi hamuulizi kitu." Alisema bila hasira. "Sasa sikiliza. Tulikuwa na jirani mwema sana. Kila sikukuu ya mashua alileta kikapu cha mayai ya bata. Wengine wanatukimbia, yeye analeta mayai. Baba alikuwa anasema, huyu ndiye mtu. Na baba hakuwahi kurudisha kikapu kitupu, unajua kwetu kikapu hakirudi kitupu. Hana kitu, lakini atatia maharage, atatia figili. Siku tunamzika baba, yule jirani akapiga magoti mbele ya jeneza akasema dirisha aliliacha wazi yeye."

Mvua ilikuwa ikigonga bati la jirani. Caixia alikuwa akilia bila sauti.

"Mayai tulikula," mzee alisema. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Yalikuwa matamu, na tulishukuru."

"Tukifukuzwa, Mama? Sindano zako?"

"Naziogopa hizo siku, ndiyo. Sitakudanganya kwamba siogopi. Wala sikuambii ufanye nini. Kazi ni zenu na mtoto ni wenu. Nakuambia tu kwamba mayai yangu hayaendi kule."

Akafunika mtungi.

*

Bwana Teng ana meza ya chai yenye jiko dogo la umeme, na birika huwa juu yake tangu asubuhi. Caixia aliingia kabla zamu haijaanza, akiwa na dumu la mafuta lililobaki nusu mkono mmoja na taulo mkono mwingine. Akaviweka chini.

"Hii ni nini?"

"Zawadi yangu, Bwana Teng. Vifuko vya mzigo ule vilikuwa vyangu. Nilivitoa nyumbani, na nyumbani vilitoka jengo la magharibi. Qiuping hakufanya kitu."

Bwana Teng alimtazama, akautazama mlango, akaenda akaufunga. Akarudi akamimina chai, kikombe kimoja, chake.

"Caixia, wewe ni mfanyakazi mzuri," alisema kwa upole. "Mnunuzi nimeshamwandikia kwamba ni samaki. Ameridhika. Tumeshabandika tangazo la kukataza samaki. Mambo yameisha. Nikimwambia leo kwamba kumbe tulimfungia vifuko vilivyokaangwa jikoni kwa mtu, atatuonaje? Nenda kazini. Na mafuta yako chukua, bado mazuri."

Hivyo ndivyo alivyoachiwa mlango wazi kabisa wa kutokea. Angechukua dumu lake akaenda. Guoliang angelala vizuri, Yilan asingejua, na Bwana Teng angemkumbuka siku ya kupandisha watu. Nadhani wengi wetu tungetoka.

Caixia aliondoa birika kwenye jiko. Akatoa vifuko mfukoni, akavichana, akazimwaga chembechembe kwenye sinia ya shaba ya vikombe na kuisukuma juu ya moto.

"Unafanya nini?"

"Nuseni, Bwana Teng."

Ilichukua muda. Wote wawili walisimama wakiitazama sinia, na kusema kweli hata Bwana Teng alikuwa kainama kidogo, maana mtu wa kazi ile hawezi kujizuia. Kisha harufu ikaja, ikajaa chumba, akarudi nyuma na kufungua dirisha. Dirisha lilikuwa linatazama njia ya wafanyakazi, na ndio kwanza zamu ilikuwa inaingia.

"Jamani," sauti ya mwanamume ilisema kule nje, "nani kamwaga maji ya kuvulia ofisini kwa Teng?"

"Yananukia kama samaki wa Qiuping," mwingine alitania.

"Samaki gani. Sisi tunashinda nayo haya, hatuyajui? Haya ni ya kwetu."

Wakaanza kusimama. Caixia alikwenda dirishani, akawaambia. Alirudia sentensi ya kwanza mara mbili, lakini aliimaliza. Kati ya waliosimama alikuwepo Guoliang, kofia yake nyeupe mkononi, na hakuinua macho.

*

Qiuping aliitwa tena kazini. Kumwomba radhi hakuna aliyemwomba. Alikuta tu koti lake limetundikwa. Caixia alitolewa kwenye meza, akapelekwa kuosha mapipa uani, kazi ya maji baridi na mabuti, na malipo yake mnayajua. Guoliang alikatwa posho akabaki, kwa kuwa wavuaji wazuri hawapatikani ovyo, na bima ikabaki naye. Alikaa siku kadhaa akiongea na mkewe kuhusu vitu tu: chumvi iko wapi, mwavuli uko wapi. Jioni moja alimletea mabuti mapya ya mpira, akayaweka mlangoni, akasema yale ya kiwanda yanavuja.

Asubuhi ya sikukuu, mzee Ruan akifunga mchele wa kunata kwenye majani, Qiuping alitokea mlangoni. Alikuwa na kile kikapu cha mianzi.

"Karibu ndani, dada," Caixia alisema.

"Siingii. Nina swali moja." Alikuwa akimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani. "Siku ile uliniletea matunda. Ulikuwa unajua?"

Guoliang, aliyekuwa akikata kucha kizingitini, aliacha. Kulikuwa na namna ya kulijibu swali lile. Angeweza kusema alikuwa anashuku tu, na nusu yake ingekuwa kweli.

"Nilikuwa najua," Caixia alisema. "Kifuko kilikuwa mfukoni mwangu."

Qiuping aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji yake kamili. Akaweka kikapu kwenye kizingiti, akageuka, akaenda zake kwenye mvua nyepesi bila kufungua mwavuli.

Caixia akakiinamia. Kilikuwa kimeoshwa safi mpaka kwenye mishono. Ndani hakikuwa na kitu, hata jani.

"Kimerudi kitupu," alisema. Uso ulikuwa unamwaka.

Mzee Ruan alijipangusa mchele vidoleni, akaja, akakichukua, akakigeuza kwenye mwanga akikitazama kwa hamu ile ile aliyotazamia kila kitu.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema. "Baba yangu alikuwa anakirudisha kimejaa, maana hakujua."

Akakitundika kwenye msumari wake, akarudi kwenye majani yake ya mchele.